Matairi ya A/T (all-terrain, ya njia zote) kwa pikapu ya kazi: anza na mzigo, kashata baadaye

Ukiingiza pikapu kwenye duka la matairi, swali la kwanza utakaloulizwa ni saizi, la pili ni bajeti. Ukishajibu unapelekwa kwenye rafu kuonyeshwa kashata, yaani meno ya uso wa tairi: hizi kali, hizi za kati, hizi hazipigi kelele kwenye lami. Unabeba nini, haulizi mtu.

Mimi nilinunua hivyo mara moja. Matairi manne mapya, kashata za kutisha, herufi nyeupe ubavuni, na Land Cruiser 79 yangu ikawa kama imetoka kupigwa picha ya kalenda. Wiki ya tatu nikiwa njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero, mapipa ya maji na saruji mgongoni, jua la saa saba, tairi la nyuma kushoto likachanika ubavu. Nikafunga spea. Hata nusu saa haikupita, la kulia nalo likafuata.

Mimi na tairi tukapanda bodaboda hadi Mto wa Mbu. Nikamwamkia mzee wa pancha, akaitikia huku ameshalipokea tairi. Palipochanika hakupatazama. Alilizungusha, akafuta vumbi kwa kiganja, akasoma maandishi. "Kijana wangu, hili tairi ni zuri," akasema. "La kwendea kanisani."

Alichokuwa anasoma ni namba 112. Tutaifikia.

Hatua ya 1: Zijue njia zako, si zile unazozitamani

Chukua karatasi uandike safari zako za mwezi mmoja: lami kilomita ngapi, changarawe ngapi, mawe, mchanga, tope. Usikadirie kwa hisia, kwa sababu safari moja ya tope hukumbukwa kuliko ishirini za lami. Nilipoandika za kwangu nilikuta zaidi ya nusu ni lami ya Arusha hadi Makuyuni na Mto wa Mbu, na mimi nilikuwa naapa kwamba gari langu linaishi porini.

Matairi ya pikapu yako makundi matatu makubwa. H/T ni ya lami na vumbi jepesi. M/T ni ya tope, ina kashata nene zilizoachana sana, inavuma kama nyuki kwenye lami, na breki zake kwenye lami yenye maji si za kujivunia. A/T iko katikati: inakwenda lami bila kukuchosha, inashika changarawe, inavumilia mawe. Kama njia zako zimechanganyika na zaidi ya robo ni vumbi na mawe, A/T ndiyo yako. Kama unakwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, chukua H/T nzuri na pesa inayobaki weka kwenye breki.

Kuna mahali A/T inashindwa na ni vizuri ujue kabla: udongo mweusi wa mbuga ukishalowa. Nafasi kati ya kashata zinajaa tope, tairi linakuwa laini mviringo kama andazi, na hapo hata ukiingiza 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne) unazunguka palepale. M/T hujisafisha vizuri zaidi kwa kuwa nafasi zake ni pana. Lakini ikiwa mbuga inakukuta wiki chache tu za masika, usibadilishe tairi la mwaka mzima kwa ajili yake. Subiri jua lipande, udongo ushike, ndipo upite. Wafugaji wa huko hufanya hivyo, na hawana haja ya tairi lolote.

Hatua ya 2: Pima mzigo, ekseli kwa ekseli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naiona kubwa kuliko nyingine zote.

Fungua mlango wa dereva, tafuta bati au stika yenye uzito wa juu wa gari, uzito wa kila ekseli, saizi ya tairi na upepo wake. Kisha pakia gari kama linavyokwenda kazini: mafuta kamili, spea, jeki, maji, abiria, mzigo wenyewe. Lipeleke kwenye mizani. Kama huna karibu mizani ya barabarani, magodauni makubwa ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu wanazo, na kwa maneno mazuri watakupimia. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Kisha ya nyuma peke yake, andika.

Gari langu lilitoa kilo 1,190 mbele na 2,060 nyuma. Jumla 3,250. Mtu akisikia 3,250 hugawanya kwa nne, anapata mia nane na kitu, anafurahi. Kosa liko hapo. Pikapu iliyopakiwa haigawanyi mzigo kwa nne. Nyuma ni kilo 1,030 kwa kila tairi, na hiyo ni kama mzigo umekaa katikati. Pipa likiegemea upande mmoja, au barabara ikiinama, tairi la upande huo linabeba zaidi. Kwenye shimo ndiyo usiseme.

Hatua ya 3: Soma ubavu

Sasa ile 112. Hii ni namba ya uwezo wa kubeba, na kila namba ina kilo zake:

106 ni kilo 950
109 ni 1,030
112 ni 1,120
116 ni 1,250
121 ni 1,450
123 ni 1,550

Matairi yangu yalikuwa 265/70R16 112. Kwa macho, 1,120 inapita 1,030, tatizo liko wapi? Kwanza, nimebakiwa na kilo 90 tu za tahadhari, na pipa moja la lita 200 likisogea zimekwisha. Pili, tairi lisilo na herufi LT mbele wala C nyuma limetengenezwa kwa hesabu za magari ya abiria. Wamarekani wana kanuni yao: tairi la namna hiyo likifungwa kwenye gari la mizigo, uwezo wake gawanya kwa 1.10. Piga: 1,120 gawanya kwa 1.10 ni kilo 1,018. Nilikuwa nimezidisha mzigo kabla sijatoka geti, na hapo matairi ni mapya kabisa.

Mfano wa tairi la kazi: LT265/75R16 123/120R. LT maana yake limejengwa kwa gari la mizigo. 265 ni upana kwa milimita. 75 ni urefu wa ubavu, asilimia 75 ya huo upana. R ni radial, 16 ni inchi za rimu. Namba ya kwanza kati ya zile mbili, 123, ni tairi likikaa peke yake. 120 ni yakifungwa mawili-mawili kama ya lori, hivyo wewe soma ya kwanza. R ya mwisho ni mwendo: kilomita 170 kwa saa. Q ni 160, S ni 180, T ni 190. Kwa pikapu yenye saruji, herufi hiyo isikunyime usingizi.

Angalizo moja ambalo limewaumiza wengi. Saizi hiyohiyo ya LT265/75R16 hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Yenye alama C (hii ni daraja la nguvu, si ile C ya nyuma ya saizi) ni sawa na plai 6 na hubeba kilo 1,120. Yenye E ni sawa na plai 10 na hubeba 1,550. Ukiyasimamisha dukani yanaweza kufanana kama mapacha. Anayekuuzia la bei nafuu kidogo huenda hakudanganyi saizi; amekuuzia C. Inama usome mwenyewe. Na ujue plai 10 haimaanishi tabaka kumi za nyuzi ndani, ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu zamani matairi yalipokuwa ya pamba.

Hatua ya 4: Saizi na rimu

Kanuni yangu ni fupi: baki na kipenyo cha kiwandani, au usizidi asilimia tatu. Kipenyo unakipata hivi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). 265/75R16 inatoa karibu milimita 804. 265/70R16 inatoa 777. Tofauti ni asilimia 3.3, kwa hiyo ukishuka kutoka la kwanza kwenda la pili spidomita ikisoma 80 wewe uko kama 77, na tumbo la gari limeshuka zaidi ya sentimita moja. Kupanda kupita kiasi ni kubaya vilevile: gia zinakuwa nzito, breki zinachelewa, na usukani ukiukata wote tairi linasugua.

Land Cruiser 79 nyingi za huku zilikuja na 7.50R16 ya tyubu kwenye rimu za vipande, zile zenye ringi ya chuma pembeni. Msizidharau. Ni nyembamba, zinapenya tope hadi pagumu, na fundi yeyote wa kijijini anazifungua kwa vyuma viwili na nyundo. Ukiamua kubaki nazo, nunua tyubu na flapu (mpira unaokinga tyubu isisuguliwe na rimu) mpya pamoja na tairi, usirudishe za zamani. Na mtu asisimame mbele ya ringi wakati wa kujaza upepo. Hilo si la mjadala: ringi ikiruka inaua.

Ukitaka 265, rimu hizo hazifai, ni nyembamba mno. Unahitaji rimu za tyublesi zenye upana wa inchi 7 hadi 8. Kuwa makini na rimu za kuazima: Land Cruiser 79 tangu mwaka 1999 ina nati tano kwenye duara la milimita 150, Hilux ina sita kwenye 139.7. Haziingiliani, hata fundi akikuahidi kupanua matundu. Hasa akikuahidi hivyo.

Hatua ya 5: Ubavu, mpira, halafu kashata

Sasa unaruhusiwa kuangalia kashata. Lakini kwanza bonyeza ubavu kwa kidole gumba na uulize una tabaka ngapi. Mengi huandikwa palepale, karibu na rimu, idadi ya tabaka za ubavuni na za usoni. Kwenye mawe ya volkano, kama yale ya Natron au ya Loiyangalani upande wa Kenya, tairi hufa kwa ubavu. Uso ukitoboka, fundi anaziba. Ubavu ukichanika, hilo limekuwa kiti cha bembea. Tabaka tatu ubavuni ni bora kuliko mbili kwa njia hizo, ingawa tairi linakuwa zito na gari linadunda likiwa tupu.

Kisha angalia kama kashata zinapanda kidogo hadi begani, zikilinda ubavu dhidi ya jiwe. Angalia pia vijiwe vidogo vya mpira katikati ya mifereji: kazi yao ni kurudisha nje mawe yasikwame na kuchimba kuelekea nyuzi. Kina cha kashata za A/T mpya ya LT mara nyingi ni milimita 12 hadi 14.

Majina? BFGoodrich KO2, Yokohama Geolandar, Bridgestone Dueler, General Grabber, Cooper Discoverer, Toyo Open Country, yote utayaona, na kila dereva ana dini yake. Mimi sigombani na mtu kwa jina. Jina lilelile huja na ujenzi tofauti kulingana na saizi, kwa hiyo uamuzi wako uwe kwenye namba za Hatua ya 3.

Hatua ya 6: Tarehe

Tafuta neno DOT, fuata hadi namba nne za mwisho ndani ya kiduara. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Namba hizo mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona ligeuze. Mimi sinunui tairi "jipya" lililopita miaka miwili, na lililokaa nje ya duka likipigwa jua silitaki hata likiwa na miezi sita. Miaka sita tangu kutengenezwa, likaguliwe na fundi kila mwaka hata kama kashata zimejaa. Miaka kumi, litoke, spea ikiwemo.

Mtumba, basi? Kwa pikapu ya mizigo, hapana. Hujui lilizidishiwa nini huko lilikotoka, na sumu ya joto haionekani kwa nje. Tairi la kuchongwa, lile kipara lililokatwa mifereji upya kwa kisu cha moto, ni kaburi lenye kashata.

Hatua ya 7: Hesabu ya pesa

Gawanya bei kwa kilomita. Mfano tu: tairi la shilingi 450,000 likienda kilomita 30,000 ni shilingi 15 kwa kilomita. La 700,000 likienda 60,000 halifiki 12. Kilomita za kweli waulize madereva wa njia yako wenye gari kama lako. Muuzaji atakupa za brosha.

Nunua manne, na la tano likiwezekana. Ukiwa na pesa ya mawili tu, mapya yaende nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye mvua huwezi kuidaka. Na kwenye gari la 4WD ya kuingiza (isiyofanya kazi muda wote) usichanganye vipenyo mbele na nyuma: ukiingiza 4H, yaani 4WD ya mwendo wa kawaida, kwenye ardhi ngumu, gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma ndiyo italipa tofauti.

Hatua ya 8: Kufunga

Simama hapohapo. Valvu ziwe mpya. Rimu isuguliwe kutu pale tairi linapokaa, la sivyo litavuja taratibu ukimlaumu mtu wa pancha. Balansi yote, alaimenti baada yake. Nati zikazwe kwa nyota, mwisho kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena. Nimeshaona gurudumu likimpita mwenye gari kwenye mteremko.

Hatua ya 9: Upepo

Hapa ndipo tairi zuri huharibiwa. LT linahitaji upepo zaidi ya tairi la kawaida kubeba mzigo uleule. LT265/75R16 E hubeba kilo 1,120 kwa psi 50 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), 1,360 kwa psi 65 na 1,550 kwa psi 80. Kwa hiyo nyuma yangu, kilo 1,030 kila upande, naweka 65 ili nibaki na tahadhari, mbele 35, asubuhi tairi likiwa baridi. Nikirudi mtupu nashusha nyuma hadi 35. Anayeweka 32 kote "kama kawaida" akiwa na saruji anapika tairi: ubavu unakunjwa kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi zinaachana na mpira. Kwa nje huoni kitu hadi siku ya siku.

Namba ya juu iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, si maagizo. Na usipunguze upepo wa tairi la moto kwa sababu geji imepanda. Kupanda ni kawaida. Madereva wa Australia hukubali ongezeko la kama psi 4 hadi 6. Likizidi hapo, asubuhi uliweka kidogo au mzigo ni mkubwa.

Kwenye changarawe yenye mawimbi, shusha kama robo na upunguze mwendo. Usishushe huku unakimbia. Mchanga mtupu, psi 18 hadi 20, bila kona kali, gari likiwa jepesi. Ukitoka, jaza. Kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri na geji yako mwenyewe ni lazima, kwa sababu geji za vituoni kila moja ina ukweli wake.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea iingie kwenye mzunguko. Yakilika katikati, upepo ni mwingi. Yakilika kingo zote mbili, ni mdogo. Ukingo mmoja, rudi kwenye alaimenti. Yakilika kwa mabonde-mabonde, shokapu zimechoka. Alama za kiwandani ndani ya mifereji ziko kwenye milimita 1.6. Kwa vumbi na tope mimi sisubiri hapo, natoa kwenye 4.

Na spea inayoning'inia chini ya bodi, iteremshe kila baada ya miezi mitatu, ipime upepo, uoshe mnyororo wake na kuutia grisi. Wa kwangu uliganda kwa kutu. Tuligundua Selela, usiku, mvua ikinyesha, na tukaukata kwa msumeno wa chuma wa kuazima kwa mwenye genge.